Mhandisi kijana na leseni ya mtambo wa nyuklia Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu serikali itaje wilaya ya Buyende kuwa mahali pa mtambo wa kwanza wa umeme wa nyuklia nchini, napigiwa simu karibu kila wiki na vijana waliomaliza Makerere, Kyambogo na Busitema. Mara nyingine anayepiga ni mzazi wao, au mwalimu wa fizikia wa sekondari. Huu ni mwaka wangu wa saba katika kazi ya kuhakiki nyaraka za usalama. Maswali hujirudia, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Najibu kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyolelewa nayo kwenye nyumba za reli Tororo, na kwa sababu Kiingereza cha taaluma hii kimewakatisha tamaa wengi ambao wangeifaa sana.

Kazi hii hasa ni ya kufanya nini?

Anayetaka kujenga mtambo wa nyuklia analazimika kuthibitisha kwa maandishi kwamba mtambo huo utajengwa, utaendeshwa na siku moja utabomolewa bila kuwadhuru watu wala mazingira. Uthibitisho huo huwekwa katika ripoti ya uchambuzi wa usalama. Si kitabu cha kubeba kwapani. Kampuni ya NuScale ya Marekani ilipoomba idhini ya muundo wa kinu chake kidogo (kinu ni sehemu ya mtambo ambamo atomi hupasuliwa ili kutoa joto), ombi lenyewe lilikuwa na kurasa zipatazo 12,000, na nyuma yake kulikuwa na nyaraka za kurasa kama milioni 2 zilizowekwa tayari kwa wakaguzi. Upande wa mwombaji una wahandisi wa kuziandika, upande wa mdhibiti una wahandisi wa kuzisoma, na kote kuwili vijana wanahitajika.

Unaposoma, unashika dai moja na kutafuta limesimama juu ya nini: hesabu, jaribio, kiwango kinachokubalika, au uzoefu wa mtambo mwingine. Swali letu la kila siku ni "Umejuaje?" Kama jibu halipo, dai halijathibitishwa, hata kama aliyeliandika ni profesa.

Hapa Uganda leseni hiyo hutolewa na nani?

Kwa usalama wa mionzi na nyuklia ni Baraza la Nishati ya Atomiki (AEC), lililoundwa kwa Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008. Watu wengi hulichanganya na ERA, ambayo hutoa leseni ya kuzalisha na kuuza umeme, au na NEMA, inayosimamia mazingira. Mtambo mmoja utapita mikononi mwa zote tatu, na kila moja itakuja na maswali yake. Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini ndiyo inayouendeleza mpango wenyewe.

Leseni ya nyuklia hutolewa kwa hatua: eneo, ujenzi, kuwasha na kuendesha, mwisho kuzima na kubomoa. Tazama Misri. Mtambo wa El Dabaa ulipata kibali cha eneo mwaka 2019, kibali cha ujenzi wa kinu cha kwanza Juni 2022, na zege ya kwanza ikamwagwa Julai mwaka huohuo. Kibali cha kuendesha ni ombi jingine kabisa. Marekani wana pia njia ya kuunganisha ujenzi na uendeshaji katika leseni moja. Vinu vya Vogtle 3 na 4 vilipewa leseni ya namna hiyo mwaka 2012, vikaanza kuuza umeme 2023 na 2024.

Buyende bado ni mashamba na mialo ya wavuvi. Kazi iko wapi leo?

Iko, na sehemu kubwa yake ni kusoma na kuandika. Mpango uliotangazwa ni wa megawati 2,000, huku megawati 1,000 za kwanza zikikusudiwa kufikia 2031. Mwishoni mwa 2021 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lilituma wataalamu kupima utayari wa nchi. Kipimo chao kina mambo 19, kuanzia sheria na mfumo wa udhibiti hadi gridi, rasilimali watu na taka za mionzi. Yote hayo yanataka watu wanaoelewa uhandisi.

Halafu kuna kazi ambayo vijana huidharau: leseni za vyanzo vya mionzi tulivyonavyo tayari. Kuna mashine za eksirei hospitalini, tibamionzi ya wagonjwa wa saratani Mulago, mionzi ya kupima viungo vya mabomba yaliyochomelewa, na vyanzo vinavyoteremshwa ndani ya visima vya mafuta kule Bunyoro. Nilianzia huko. Ukijua kumuuliza mkuu wa kituo cha afya, kwa adabu na bila kurudi nyuma, ukuta wa chumba chake cha eksirei una unene gani na nani aliupima, umeshaanza kujifunza kumuuliza muuzaji wa kinu.

Sikusomea nyuklia. Nimesomea umeme, ujenzi, mitambo. Nafaa?

Unafaa, na wengi wetu tuko hivyo. Fizikia ya kiini cha kinu ni sehemu moja tu ya ripoti. Sura nyingine ni za ardhi na matetemeko, majengo, mabomba na vali, betri na jenereta za dizeli, programu za kompyuta, zimamoto, chumba cha udhibiti na watu watakaokaa ndani yake usiku wa manane. Mhandisi wa maji aliyepima kina cha mto kwa miaka mitatu ana thamani kubwa kwenye tathmini ya eneo kuliko mtu mwenye shahada ya nyuklia ambaye hajawahi kushika kipimo cha mvua.

Kinachohitajika kwa wote ni kuelewa joto linalobaki. Kinu kikizimwa, mpasuko wa atomi husimama, lakini mabaki yake huendelea kutoa joto. Mara tu baada ya kuzima ni kama asilimia 6 hadi 7 ya nguvu ya joto ya kinu, na baada ya saa moja hushuka hadi kama asilimia 1.5. Kinu cha umeme wa megawati 1,000 huzalisha joto la megawati zipatazo 3,000. Maana yake ni kwamba dakika ya kuzima kinakuachia joto la megawati 200 hivi, kiasi kinachozidi umeme wote wa bwawa la Isimba, ambao ni megawati 183. Joto hilo halina swichi. Linataka maji, na maji yanataka pampu, na pampu nyingi zinataka umeme. Ukiushika mnyororo huo, kurasa nyingi za ripoti zitaanza kukufungukia.

Siku ya kazi inafananaje? Nipe mfano.

Nitakupa zoezi nililofanyishwa nikiwa mgeni, la mtambo wa kubuni uliowekwa kando ya Ziwa Kyoga, ambalo Buyende inapakana nalo. Ripoti ya zoezi ilidai kwamba wavu wa kuchuja maji ya kupoza hautaziba zaidi ya nusu. Niliambiwa niandike swali kwa mwombaji. Nikaandika hivi:

"Tafadhali fafanua zaidi kuhusu uwezekano wa mlango wa maji kuziba."

Mkubwa wangu wa kazi alilirudisha. Alisema swali la namna hiyo litajibiwa kwa kurasa kumi za maneno mazuri, na mwisho utabaki ulipokuwa. Kisha akanikumbusha Aprili 2020. Kisiwa kinachoelea, mafunjo na udongo vilivyoshikana, kilisukumwa na upepo na maji ya Ziwa Victoria yaliyokuwa yamejaa hadi kwenye bwawa la Jinja. Mitambo ikazimika na nchi ikaingia gizani. Nilikuwa nyumbani usiku ule, nikawasha mshumaa kama kila mtu, na wala sikuwaza kwamba lile ni somo la leseni. Rasimu ya tatu ndiyo iliyopita:

"Sehemu ya maji ya kupoza inachukulia kwamba wavu hautaziba zaidi ya nusu. (a) Nusu hiyo imetokana na vipimo gani vya ziwa, vya miezi ipi na miaka mingapi? (b) Je, visiwa vinavyoelea vimehesabiwa, au ni magugu maji peke yake? (c) Kisiwa hichohicho kikikata umeme wa gridi, wavu wote ukaziba saa hiyohiyo, joto la kinu litaondolewa kwa njia gani na kwa muda gani?"

Angalia kipengele (c). Mwombaji alikuwa amechambua kuziba kwa wavu katika sura moja na kukatika kwa umeme katika sura nyingine, kana kwamba ni ajali mbili zisizojuana. Kyoga hulishwa na mto huohuo wa Nile unaopita Jinja, na umeme wa nchi hutegemea mto huohuo. Mwaka wa maji mengi unaweza kuleta visiwa kwenye mlango wa maji na giza kwenye gridi kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mtambo wa Fukushima, Japani, mwezi Machi 2011. Tetemeko lilikata umeme wa nje, wimbi la bahari lililofika kama mita 15 likafunika jenereta za akiba, na vyote viwili chanzo chake kilikuwa kimoja.

Swali hilo lilinichukua siku nne. Siku nyingi za kazi ziko hivyo: kusoma asubuhi, kufuata rejea mchana, kumpigia mtu wa hali ya hewa au wa maji, na jioni una sentensi tano. Ukipenda kazi ya kukimbia kutoka eneo moja la ujenzi hadi jingine, hii itakuchosha. Ukipenda kujua kitu mpaka mwisho wake, utasahau chakula cha mchana.

Uganda ina matetemeko. Kwa nini tunajadili nyuklia?

Ni swali la haki, na anayelijibu kwa kusema "usiwe na wasiwasi" hajalijibu. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa linapita upande wa Toro na Rwenzori. Tetemeko la Toro la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100, na Februari 1994 eneo la Fort Portal lilitikiswa tena. Septemba 2016 tetemeko la Bukoba, Tanzania, lilisikika hadi huku. Buyende iko mbali na ufa huo, upande wa kati-mashariki mwa nchi, lakini umbali peke yake hautoshi kwa leseni. Kiwango cha IAEA cha tathmini ya eneo, SSR-1, kinataka kumbukumbu za kihistoria, uchunguzi wa miamba na nyufa, na hesabu ya mtikisiko ambao majengo lazima yauhimili. Mitambo hujengwa pia katika nchi zenye matetemeko makubwa kuliko yetu. Linalohojiwa ni kama mtikisiko wa mahali hapo umepimwa kwa uaminifu, au umechaguliwa ili hesabu zikubali.

Gridi yetu itaweza kubeba kinu cha megawati 1,000?

Hili ni la wahandisi wa umeme, na ningependa wengi zaidi walichukue. Kanuni ya makadirio inayotumika ni kwamba kinu kimoja kisizidi kama asilimia 10 ya uwezo wa gridi, ili kikizimika ghafla kisiangushe mfumo wote. Baada ya Karuma na megawati zake 600, uwezo wa mitambo iliyofungwa nchini umevuka kidogo megawati 2,000. Piga hesabu mwenyewe. Kuna njia za kuziba pengo hilo: kuunganisha gridi za Afrika Mashariki kwa nguvu zaidi, kukuza viwanda, au kuchagua vinu vidogo. Kwa mtu wa leseni kuna jambo la pili pia. Gridi dhaifu ni suala la usalama wa kinu, kwa kuwa ndiyo inayoendesha pampu za kinu siku kikiwa kimezimwa.

Nikikosea itakuwaje?

Utakosea. Kosa langu ninalolikumbuka zaidi lilikuwa la vali. Uchambuzi wa ajali ulichukulia kwamba vali fulani ya mvuke inafunga ndani ya sekunde 5. Utaratibu wa majaribio, katika juzuu nyingine, uliruhusu hadi sekunde 8. Nilisoma ya kwanza wiki moja na ya pili wiki iliyofuata, nikaweka sahihi zote mbili. Kila moja ilikuwa sawa kivyake. Mama mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi alinirudishia makaratasi yote mawili, akayaweka kando kwa kando mbele yangu, akaniuliza, "Hawa wawili umewahi kuwakalisha meza moja?"

Hakunifokea. Mpango wa kazi una watu kadhaa wa kusoma kitu kilekile kwa sababu inajulikana kwamba mmoja atapitiwa. Kosa lisilosameheka ni kuligundua na kunyamaza. Tangu siku hiyo nina daftari la namba tu. Kila muda, kila shinikizo, kila joto ninalokutana nalo naliandika pamoja na ukurasa na toleo la waraka. Daftari hilo limenisaidia kuliko programu yoyote niliyofundishwa.

Niende upande wa mdhibiti au upande wa mwombaji?

Vyote ni kazi za heshima, lakini usijaribu kuwa kote kuwili. Kanuni ya kimataifa ni kwamba wajibu wa kwanza wa usalama ni wa mwenye leseni. Mdhibiti hamsaidii kuandika jibu, anapima jibu. Na mdhibiti lazima atenganishwe na wale wanaoutaka umeme. Japani walilipa gharama ya somo hilo: hadi 2011 mdhibiti wao alikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa ikikuza nyuklia, na Septemba 2012 wakaunda mamlaka mpya iliyotenganishwa nayo.

Kwa kijana, ushauri wangu ni kuanza upande wa mdhibiti kama unapata nafasi, kwa sababu utasoma mtambo wote badala ya pampu moja. Hilo ni pendekezo langu, na wapo wenzangu wazuri watakaokuambia kinyume chake.

Nikiambiwa niharakishe kwa sababu mradi ni wa taifa?

Utaambiwa. Jibu kwa kuonyesha kazi: maswali yaliyobaki, nani anasubiriwa, tangu lini. Mara nyingi anayechelewesha ni mwombaji ambaye hajajibu, na ratiba iliyoandikwa vizuri hulionyesha hilo bila ugomvi. Falme za Kiarabu walianza bila mtambo hata mmoja. Leseni ya ujenzi wa vinu viwili vya kwanza vya Barakah ilitoka Julai 2012, na ya kuendesha kinu cha kwanza Februari 2020. Walichagua muundo uliokuwa tayari unajengwa Korea Kusini, vinu vya Shin-Kori 3 na 4, na wakatumia tathmini ambazo mdhibiti wa Korea alikwisha kuzifanya. Hiyo ndiyo njia halali ya kufupisha: mtambo wa rejea. Kinachobaki kuchunguzwa kwa kina ni tofauti, yaani ardhi yako, maji yako, joto lako, gridi yako na watu wako. Wanaouza muundo hukazia kufanana. Wewe tafuta tofauti.

Nitapata wapi mafunzo?

Anza bure. Viwango vya IAEA vinapatikana kwenye tovuti yake bila malipo. Soma SSG-12 kuhusu mwendo wa leseni, kisha SSR-1 ya eneo na SSR-2/1 ya usanifu, kwa utaratibu huo. Usijaribu kuvimaliza kwa wiki. Soma ukurasa mmoja, kisha jiulize ungethibitishaje kila sharti.

Baada ya hapo kuna ufadhili wa IAEA wa mafunzo kazini kupitia nchi wanachama, na Uganda ni mwanachama tangu 1967. Kuna shule ya uzamili ya nyuklia ya Chuo Kikuu cha Ghana, chuo cha KINGS kule Korea Kusini, na chuo kikuu cha MEPhI kule Moscow. Wasichana, IAEA ina ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wanaosoma uzamili wa nyuklia, ulioanza 2020. Ombeni. Mwaka wa kwanza nilikuwa mwanamke pekee katika chumba cha watu kumi na wanne, na sitaki binti anayenifuata aone hali hiyo.

Usajili wa ERB unahitajika?

Jisajili na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu mapema, na utunze kumbukumbu ya kazi tangu mwezi wa kwanza. Kuitafuta baada ya miaka minne ni mateso.

Na mshahara?

Ni wa utumishi wa umma au wa shirika lililokuajiri. Wapo wenzako wa mafuta na simu watakaokuzidi. Jua hilo kabla hujaingia.

Buyende ikichelewa, nitakuwa nimepoteza miaka yangu?

Hapana. Kuhoji uthibitisho, kudhibiti matoleo ya nyaraka na kufuata dai hadi mzizi wake ni ujuzi unaotakiwa kwenye mafuta, mabwawa, usafiri wa anga na vifaa vya hospitali. Na nyuklia yenyewe ina umri mrefu. Koeberg ya Afrika Kusini ilianza kutoa umeme 1984, na Julai 2024 mdhibiti wao aliongeza leseni ya kinu cha kwanza hadi 2044. Fikiria mhandisi anayefungua leo waraka ulioandikwa kabla hajazaliwa, akitafuta kwa nini bomba lile lilipewa unene ule. Kama sababu haikuandikwa, atairudia kazi yote.

Wenyeji wakituuliza maswali, tujibu vipi?

Jibu kwa lugha yao na kwa kiwango unachokijua. Niliwahi kukaa kwenye mwalo mmoja wa Kyoga jioni, mitumbwi ikipakuliwa. Mazungumzo yalikuwa Lusoga kilichochanganyika na Kiswahili cha wafanyabiashara wa samaki. Mzee mmoja alikuwa akianika mukene, yaani dagaa, juu ya wavu, akaniuliza bila kuacha kazi yake: "Enjinia, maji mtakayochukua yatarudi ziwani?"

Nikamweleza kwamba kinu cha kawaida hugeuza kama theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme, na theluthi mbili lazima ziende mahali, ama ziwani ama hewani kupitia minara ya kupoza. Kwa hiyo ndiyo, mzee, kwa muundo fulani yanaweza kurudi yakiwa na joto zaidi.

"Joto kiasi gani? Mukene watavumilia?"

Nilimwambia kwamba hesabu hiyo sina, na kwamba lazima aliyeomba leseni ailete kabla hajaruhusiwa kujenga. Akageuza samaki wa upande wa pili kwanza. "Akiileta, mtaileta hapa tuione?"

Nilitoa daftari langu la namba, nikaandika swali lake kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, na jina la mwalo. Jumatatu yake nililiingiza kwenye orodha ya maswali ya eneo, chini ya maji ya kupoza. Lilipewa namba kama maswali mengine, na bado liko wazi.